Jina Kichwani mwa Besi

Jumatano, 2 Aprili 2025

Bismillahi. Idi ilikuwa juzi, na leo nimefungua daftari hili. Kila masika nina ubao unaopinda, najiambia mwaka ujao nitakumbuka ulikuwa ubao gani na mvua ya lini, na kila mwaka nasahau. Mwaka huu nitaandika. Niliishia darasa la saba lakini mwandiko wangu unasomeka, na atakayecheka na acheke.

Kazi yangu ni kutengeneza magitaa ya besi. Naiandika waziwazi kwa sababu hapa Msambweni watu huniita Mejumaa wa viti, kana kwamba wananisitiri. Marehemu baba yangu, mzee Boga, alikuwa seremala wa vitanda na milango. Kaka zangu waliikimbia randa, nikaishika mimi. Sasa ni mwaka wa kumi na moja tangu kikundi cha taarabu kiniletee besi lililovunjika shingo. Nililitibu, nikalipima kila mahali kwa futi ya cherehani, kisha nikachonga langu.

Oda niliyo nayo ni ya magitaa manne, kutoka kwa kaka Mwinga mwenye duka la vyombo vya muziki kule Diani. Anayataka kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, na sharti lake ni lile lile la miaka yote: kichwa kiachwe kitupu, kisiandikwe kitu. Mungu amzidishie. Yeye ndiye aliyeniuzia zile funguo za kwanza za kukazia nyuzi kwa bei ya kunionea huruma, wakati hakuna aliyeamini kuwa mwanamke aweza kuchonga kitu kikalia.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua ya kwanza. Fupi. Mbao zote ziko salama.

Ijumaa, 11 Aprili

Nieleze mbao zangu, maana ndizo zilizonifanya nifungue daftari.

Tumbo la besi nalitoa kwenye mfenesi. Ni mwepesi, na umanjano wake hautaki rangi. Shingo ni mbambakofi. Shingo ndiyo yenye kesi: nyuzi nne nene huivuta mchana na usiku, na ikiwa ina maji ndani yake, masika haiishi kabla haijapinda. Mafundi wakubwa wana tanuri la kukaushia. Mimi nina uchaga, juu ya mafiga yangu matatu, pale ninapotundika mahindi ya mbegu yasiliwe na fukusi. Shingo zangu hulala humo pamoja na mahindi, zikila moshi. Zikitoka ni nyeusi kama sufuria, ukizipiga randa ndani ni nyekundu, na hazipindi. Harufu ya moshi tu ndiyo haitoki, hata uzipake vanishi mara tatu.

Leo nilikuwa nazipiga randa uani, akasimama Ustadh Abdurahman nje ya ua. Ni jirani yangu na ndiye aliyewasomesha wanangu Kurani. Ndani ya karakana yangu hajatia mguu hata siku moja. Husimama kwenye ua wa makuti, akaangalia juu yake.

"Bi Mejumaa, hizo ndizo zile ala?"

"Ni mbao tu, Ustadh. Bado hazijawa kitu."

"Na zikiwa kitu?"

"Zitakuwa Diani, mbali na masikio yako."

Alicheka, akakumbuka kuwa hapaswi kucheka, akaenda zake. Namheshimu sana. Lakini mimi hili jambo nimelisalia miaka kumi na mmoja na bado usingizi wangu ni mzuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Kaka Mwinga amekuja na gari, akachukua mawili yaliyokuwa tayari. Nilimpa chai na mahamri, akala manne, akanisifu. Nikaona ndiyo saa ya kusema.

"Kaka Mwinga, haya mawili yaliyobaki nataka niyatie jina kichwani. Jina dogo tu."

"Jina gani?"

"Langu."

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Dada yangu! Nani atapanda jukwaani na Mejumaa? Wanamuziki wanapenda kichwa kitupu ili waandike jina la bendi yao. Nakulinda, hujui tu."

Nilicheka naye. Alipoondoka nilibaki nimeshika vikombe, nikajiuliza nimecheka nini.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Vanishi haikauki.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Nimezungusha waya wa sumaku, zile zinazonasa sauti ya nyuzi, kwa cherehani yangu ya kukanyaga, inatakiwa mizunguko elfu saba, waya mwembamba kuliko unywele. Umekatika ulipofika elfu tano. Nimeanza upya. Goti linauma.

Alhamisi, 1 Mei

Nahitaji kurasa nyingi leo.

Asubuhi, mvua ikinyesha, alikuja kijana wa miaka thelathini hivi na mfuko wa gitaa mgongoni, umefungwa kwa karatasi ya nailoni kama mtoto mchanga. Alibisha hodi vizuri, akaniamkia shikamoo. Jina lake Katana, mpiga besi wa hoteli moja Diani, na Jumapili hupigia kanisa lao. Ameambiwa Ukunda kwamba Msambweni kuna mama anayetibu magitaa.

"Lina nini, mwanangu?"

"Linavuma, mama. Nikiligusa linanyamaza, nikiliachia linavuma. Lakini nakuomba ulishike taratibu. Hili si la hapa. Limekuja kwa meli."

Akalifungua. Kichwani kulikuwa na herufi za dhahabu: Brandholm. Chini yake kijitaji kidogo. Zuri, ukilitazama kwa mbali unadhani kweli limetoka kwa wafalme.

"Ulinunua wapi?"

"Kwa Mwinga, mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimelilipia mwaka mzima polepole. Mama, wale watu wanajua kazi! Lile langu la zamani masika likipinda nilikuwa nalia. Hili tazama, mvua yote hii, shingo imenyooka. Na linanukia. Nusa. Hata mbao zao wale zinanukia vizuri."

Nikanusa. Moshi wa kuni za mkwaju na maganda ya nazi. Moshi wa jikoni kwangu.

Nilikaa chini. Nikafungua skrubu za kifuniko cha nyuma. Ndani nikaona nilivyozibandika karatasi za fedha za kuokea samaki, na sumaku zimefungwa kwa uzi mwekundu wa kupindia leso, kwa fundo langu la kushoto, maana mimi ni wa mkono wa kushoto. Waya wa chini ulikuwa umeachia, basi. Kazi ya dakika tano.

Nilikuwa na kila neno mdomoni. Na yule kijana ananitazama kama anayemtazama daktari akiwa na mtoto wake kitandani.

Nikamwambia, "Niachie. Njoo Jumanne."

Ndiyo, nilinyamaza. Naandika hapa kwamba nilinyamaza, kwa sababu kama nitamsema Mwinga lazima nijiseme na mimi.

Ijumaa, 2 Mei

Mume wangu Rai amerudi kutoka Shimoni. Hukaa huko wiki nzima na boti, Ijumaa huja nyumbani. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku anachambua mwiba wa samaki.

"Kwa hiyo Mwinga anabandika jina la kizungu, anauza."

"Ndiyo."

"Na wewe anakulipa."

"Rai!"

"Mke wangu, mimi samaki wangu wakifika hotelini hupewa majina ya Kifaransa. Umewahi kunisikia nimekwenda kugomba?"

"Samaki hukumchonga wewe. Ungemtia magamba moja moja kwa mkono ungegomba."

Alicheka, mimi sikucheka. Akasema kwa upole kuwa masika ndiyo hii, wageni hakuna, boti zimelala, na Mwinga ndiye mnunuzi pekee. Yote kweli. Nikamwambia kweli hiyo naijua, na bado mtu aliyeuziwa kitu kwa jina la uongo ameghushiwa, na aliyetengeneza akajua akanyamaza ameshiriki. Akasema, "Hapo umenishinda," akaenda kuswali.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia Katana.

Nilimkalisha, nikampa uji, nikamfungulia kifuniko, nikamwonyesha uzi mwekundu, kisha nikatoa kikapu changu cha nyuzi na besi moja kati ya yale mawili ya karakana. Nikamwekea yote mawili mezani. Nikangoja afurahi. Mjinga mimi.

Alitazama uzi wa hili, akatazama uzi wa lile.

"Kwa hiyo hili limetengenezwa hapa. Hapa kwenye makuti."

"Hapa ulipokaa."

"Na hiyo harufu?"

"Jiko langu."

"Nimelipia mwaka mzima gitaa la jikoni!" Akasimama, uji ukamwagika. "Mama, na wewe ulijua Alhamisi. Uliniacha niende nikaomba dua kanisani gitaa la ng'ambo lipone! Nyote wawili mmenifanya bwege."

Nilimwambia nisamehe kwa zile siku tano. Kwa mengine sina kosa. Alilichukua besi, na nilimwona analishika kwa namna nyingine. Alhamisi alilibeba kama mwana, leo kama kuni. Akapita kidole shingoni, akasema, "Ndiyo maana hapa pana mkwaruzo." Hapana mkwaruzo wowote. Alisema atalirudisha kwa Mwinga, apewe la kweli.

La kweli! Wallahi, Mwinga aliniibia jina miaka yote hii na halikunichoma kama neno hilo moja.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Sikufanya kazi.

Ijumaa, 9 Mei

Mwinga amekuja. Rai alikuwa hajafika bado, nilikuwa peke yangu na jiko la makaa, nanyoosha vyuma vidogo vya shingoni.

Alianza kwa upole. Hali za nyumbani, watoto, goti. Kisha: "Dada, yule Katana ameleta fujo dukani mbele ya wateja. Nimempa jingine, kutoka ng'ambo kweli, nikala hasara. Wewe umefaidika nini?"

"Kaka Mwinga, ulisema wanaandika jina la bendi."

"Ni biashara! Wewe ukae na randa, mimi nikae na watu. Watu wanataka jina. Nikiandika Mejumaa watalishika kwa vidole viwili. Si alilishika kwa vidole viwili, Katana wako?"

Hapo alinipata, na alijua.

"Sikiliza," akasema. "Nitakuongezea, mara mbili ya zamani. Unanyamaza tu, kama ulivyokuwa. Na hayo mawili nayachukua leo, hivi hivi, vichwa vitupu."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, kuanzia Diani mpaka Likoni hakuna atakayekununulia hata kijiti. Nitahakikisha. Tusikosane, dada yangu. Mimi ndiye niliyekutoa gizani."

Hilo neno la gizani ndilo lililoniinua. Nilikuwa na msumari wa inchi sita kwenye makaa, wa kutobolea. Nikaushika kwa koleo. Alirudi nyuma, maskini, akadhani ni wa kwake. Nikavuta besi la kwanza, nikalilaza mezani, nikaandika kichwani kwa moto, mbele ya macho yake: MEJUMAA. Chini yake: MSAMBWENI. Moshi umetujaa sote wawili, yeye anakohoa, anasema "umeharibu, umeharibu!" Nikarudisha msumari makaani, nikangoja upate wekundu, nikaandika la pili.

Herufi zimekwenda upande. Ile M ya kwanza moto uliila sana, inaonekana kama imelewa. Sikuwa nimepima wala kuchora kwa penseli, mimi ambaye hupima hata kipande cha sabuni.

"Haya," nikamwambia. "Hivyo ndivyo vichwa vyangu. Unachukua?"

Aliondoka bila kuaga. Gari lake lilikwama kwenye tope pale mbuyuni, vijana wakamsukuma. Sikwenda kutazama. Nilisikia tu.

Jumamosi, 10 Mei

Rai ameyaona. Aliyapapasa kwa kidole, akasema randa inaweza kuyatoa, ni kina kidogo tu, yeye mwenyewe atasaidia.

Nikamwambia aijaribu hiyo randa aone atalala wapi.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Hakuna mtu.

Ijumaa, 16 Mei

Ustadh Abdurahman ameshasikia. Baada ya swala ya Ijumaa alisimama kwenye makuti yake.

"Bi Mejumaa, nimeambiwa uligombana na mtu wa Diani kwa ajili ya jina."

"Kweli, Ustadh."

"Hizo ala zako sizipendi, hilo unalijua. Lakini alichokifanya yule ni dhulma na ni ghushi, na nimelisema hata msikitini, bila kutaja mtu."

Nilitaka kulia. Sikutegemea kabisa. Miaka yote namwona ukuta, kumbe ni mtu wa haki. Lakini akaendelea, maana Ustadh haachi jambo nusu:

"Sasa wewe nikuulize. Jina unalitakia nini? Ukikaa peke yako na Mola wako. Usifiwe? Maana hiyo nayo ni riyaa, na riyaa hula amali kama moto ulivyoula ule ubao."

Nilisema, "Mtoto akizaliwa huulizwa wa nani."

"Huulizwa wa baba yake, si wa kujisifu."

Akaniombea heri, akaenda. Nimekaa na swali lake tangu hapo. Nimeswali rakaa mbili kwa ajili yake. Bado sijui kama ni kiburi. Ninachojua ni kuwa sitayafuta.

Jumanne, 20 Mei

Amekuja mwalimu wa kwaya kutoka Ukunda, Rispah, mtu wa bara, mcheshi, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alilipiga besi vizuri kuliko wanaume wengi. Nikaona uso wake umefunguka. Kisha akafika kichwani.

"Me-ju-maa. Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

"Aki mama, umetengeneza? Wewe ni moto!" Akalipiga tena kidogo. "Lakini sasa kamati ya kanisa, unajua wao... wataniuliza ni kampuni gani. Si ungeweka tu jina ya majuu? Ama uache plain, nichukue sasa hivi."

"Plain sina, mwalimu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alicheka kwa huzuni, akanikumbatia, akavaa tope lake akaenda. Pesa alikuwa nazo, niliiona bahasha.

Ijumaa, 23 Mei

Rai alikula, akanawa mikono. Kisha akasimama, akatia besi moja kwenye gunia, akalifunga.

"Unalipeleka wapi?"

"Shimoni. Wale wa kikundi cha muziki cha Chome wana arusi. Besi lao limeingia maji ya chumvi."

"Ukifuta jina, Rai, usirudi nalo wala usirudi nyumba hii."

Alinitazama kama siku ile tulipooana na shangazi zake wakanikagua meno. "Mimi nimekaa Shimoni nimesema mke wangu hutengeneza magitaa, wakaniambia nadanganya. Nikilifuta jina nitawaonyesha nini?"

Subhanallah. Miaka ishirini na sita na mtu, na hujui.

Jumapili, 25 Mei

Limenunuliwa! Rai amepiga simu. Wametoa fedha kidogo na mbuzi dume mweupe, wa kutosha kabisa kwa Idi. Wamelipokea na jina lake. Rai anasema mmoja alisoma kwa sauti, wakacheka, kisha Chome akalipiga, wakaacha kucheka.

Mbuzi amefika kwa pikipiki jioni, amekasirika.

Jumatano, 28 Mei

Katana amerudi. Amekonda kidogo, au ni aibu tu.

Lile la ng'ambo la kweli alilopewa na Mwinga, mvua ya wiki mbili imelipinda, na alipiga usiku mzima hotelini sauti zimetoka njia. Alisema, "Mama, nilikosa adabu."

"Ulikosa. Yamekwisha. Keti."

Alilipiga lililobaki. Alifunga macho. Nilimwacha. Kisha akasema analitaka, hata leo, na bei niliyotaja hakuipunguza. Halafu akatoa mfukoni kijikaratasi cha kubandika, cheusi, kimekatwa vizuri kwa ukubwa wa kichwa.

"Ni cha kazini tu, mama. Meneja ana macho. Nikiwa hotelini nabandika juu, nikifika kanisani nabandua. Jina lako litakuwa pale pale, chini yake."

"Hapana."

"Hakuna atakayelifuta!"

"Katana, mwanangu, ningetaka kukaa chini ya karatasi ningebaki kwa Mwinga. Huko ningelipwa mara mbili."

"Basi kazi nitaipata wapi nikifukuzwa?"

"Hilo silijui. Nalijua la kwangu."

Alikaa barazani saa nzima mvua ikimrushia, karatasi mkononi. Nikamletea chai. Tulikunywa pamoja, tukazungumza habari za mamake kule Mkongani na mihogo yake. Kisha akainuka, akaniaga vizuri, akaenda bila besi.

Kama ni ukaidi, basi ni ukaidi. Lakini nimelia.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimetukanwa, na naomba niandike kwa mpango.

Saa nne nilisikia pikipiki, kisha sauti nje: "Mejumaa ni nani hapa? Mejumaa wa Msambweni!" Sauti ya mtu anayetaka majirani wasikie. Nikatoka. Mwanaume mnene, kofia imelowa, gunia begani.

"Wewe ndiwe Mejumaa?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Chome wa Shimoni. Umetuharibia arusi!"

Akalitoa besi. Hata kabla sijaligusa niliona. Shingo imejikunja katikati, nyuzi zimeulalia ubao.

"Jumapili, bibi arusi anaingia, mimi nagusa uzi wa nne, linanguruma kama pikipiki iliyotoboka bomba! Wanawake wanacheka! Wanauliza ni besi au ni chura? Nikageuza kichwa nikasoma jina lako, nikasema huyu nitamfuata hata awe wapi. Nimeuliza stendi, nimeuliza sokoni, mpaka mtoto wa madrasa akanileta!"

Majirani wote wametoka. Ustadh yupo kwenye makuti. Nami nimesimama mbele yao na besi lililopinda lenye jina langu, kubwa, lililokwenda upande. Hakuna pa kujificha. Sikutafuta.

Niligeuza shingo nikatafuta alama ya mkaa ninayoweka siku ya kupandisha uchagani. Mfunguo Pili, mwaka jana. Niliishusha mara tu baada ya Idi, kwa haraka ya Mwinga. Miezi kumi na mmoja, nikasema yatosha. Na mmoja katika hiyo ulikuwa Ramadhani, ambapo jiko langu huwashwa jioni na daku tu. Ubao ulifunga pamoja nasi! Mimi siku nilizokosa kwa homa nilizilipa, za ubao sikuzilipa, wala sikuzikumbuka.

Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Chome, kosa ni langu. Shingo niliishusha kabla ya wakati wake. Besi lenu nitalitibu bila malipo, na mpaka litakapopona, mbuzi wenu huyo pale. Mchukueni."

Chome akaangaza macho uani. "Mbuzi bado mzima?"

"Amefungwa mpapaini. Siwezi kumchinjia Mungu mnyama ambaye bei yake imepinda."

Rai alipiga simu baadaye, ameshasikia. "Mke wangu, mbuzi wa Idi!" Nikamwambia alete samaki.

Alhamisi, 5 Juni

Nimelivua shingo besi lililobaki, lile alilolitaka Katana. Shingo yake ilikaa uchagani mwaka na nusu. Nimeitia kwenye tumbo la Shimoni, nimekaza nyuzi, nimeliegemeza nje kwenye unyevu tangu asubuhi. Imenyooka.

Sasa sina besi hata moja la kuuza. Shingo iliyopinda nimeitundika ukutani na jina lake, mbele, anayeingia aione. Ustadh Abdurahman alipita, akatazama juu ya makuti kwa muda mrefu. Hakuuliza swali lake tena.

Ijumaa, 6 Juni. Idi

Tumeswali uwanjani, mvua imetuachia saa mbili. Tumekula wali wa nazi na nguru.

Mchana Chome akaja, amevaa kanzu, hakumleta mbuzi. Atamleta, alisema, likimaliza arusi mbili bila kunguruma. Sawa. Alikaa barazani akalipiga. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakawia makusudi, kisha wa nne. Ukatoka mnene, safi, mpaka vikombe vikalia kwenye sinia. Rai akanitazama, nikaangalia pembeni.

Chome hakusema ahsante. Alilifunga kwenye gunia lake, akavaa viatu, akageuka.

"Kwani huyu Mwinga wa Diani niliyesimuliwa na Rai amekuuzia mangapi, miaka yote?"

"Arubaini na kitu."

"Na katika hayo hakuna lililopinda? Mbona hakuna mtu aliyekuja kukutukana kabla yangu?"

"Yatakuwa yamepinda," nikamwambia. "Wewe ndiwe wa kwanza aliyejua pa kuja."